Kila Mweusi Alikuwa Zumbukuku

Pale Ngamiani, nyuma ya duka la vitambaa la mzee Jafferji, kuna banda la video ambalo kwa haki lilitakiwa liwe limekwisha kufa. Siku hizi kila mtu ana simu, kila simu ina filamu, na viti vya banda lile ni vya mbao, vinamtesa mtu mgongo mpaka anakumbuka dhambi zake. Lakini watu wanajaa. Hawaji kutazama filamu, maana filamu wamekwisha kuziona. Wanakuja kumsikiliza Castory.

Castory Daniel ni mtafsiri wa muvi. Anakaa pembeni ya kioo na kipaza sauti mkononi, anaishusha sauti ya filamu mpaka inabaki kama mbu wa chumba cha pili, kisha anasema yeye. Anamsema mzungu, anamsema mke wa mzungu, anamsema polisi na mbwa wa polisi. Risasi anazipiga kwa mdomo. Wachina wake wanazungumza kama watu wa Chumbageni, na Wahindi wake wanazungumza kama mwenye banda, mzee Jafferji mwenyewe, naye hucheka kuliko wote. Kiingereza chake hakukipata shuleni, na wala shule haikujitahidi kumpa. Alikisoma chini ya kioo, kwenye yale maandishi yanayopita, mwaka baada ya mwaka. Akifanya kazi macho yake hukaa huko huko chini. Juu ya maandishi pakiwa na mtu anakatwa shingo au anabusiwa, kwake ni sawasawa, mradi maandishi yapite taratibu.

Sasa, yeyote anayetazama filamu za kigeni anazijua sheria za mtu mweusi. Mweusi akiwa rafiki wa mhusika mkuu, atakufa kabla watu hawajamaliza karanga. Akitoa mfukoni picha ya mwanawe akasema wiki ijayo anastaafu, mtafutieni sanda. Mwanamke mweusi mnene kazi yake ni kumkumbatia mwanamke mzungu jikoni na kumpa ushauri wa mapenzi. Yeye mwenyewe hatujapata kuonyeshwa kwake, sijui analala kabatini. Kijana mweusi ameumbwa miguu ya kuwakimbia polisi. Na filamu ikifika Afrika, basi ni Afrika tu. Haina jina la mji, haina benki wala saluni, kila kitu ni cha njano kama kuna mtu amemwaga binzari kwenye kamera, na watu wake ama wanacheza ngoma kwa furaha ya mzungu kushuka garini, ama wana bunduki na wanapiga kelele.

Hao wa bunduki ndio Castory aliowapenda. Kwa kuwa hawapewi majina, yeye aliwapa wote jina moja, Zumbukuku, na sauti moja nzito, kama ya mtu anayeongea na tonge la ugali mdomoni. "Mimi ni Zumbukuku, mwana wa Zumbukuku. Bosi, bunduki hii inashikwa upande upi?" Akishasema hivyo, banda linavunjika mbavu. Jumbe, fundi baiskeli ambaye kiti cha mbele kabisa amekifanya urithi wa babu yake, alikuwa anaweka dau la kashata kwamba Zumbukuku atakufa kabla yeye hajamaliza kikombe cha kahawa. Hakuna aliyewahi kumla Jumbe kashata.

Mzee Jafferji peke yake ndiye aliyekuwa akilalamika, na si kwa ajili ya Zumbukuku.

"Mimi kwenye filamu zao nauza duka tu," alisema siku moja. "Nauza duka, natikisa kichwa, naibiwa. Hivyo hivyo kila filamu."

"Na wewe mzee si unauza duka?" Jumbe alimuuliza.

"Nauza. Lakini sitikisi kichwa," alisema mzee Jafferji, akitikisa kichwa.

Tulicheka sana siku ile. Castory alicheka mpaka akakosa maneno mawili ya mke wa mzungu. Kumtazama vile usingejua kwamba nyumbani kwao, Mwera, hakuna mtu aliyekuwa akicheka naye.

Babu yake Castory aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, akaukata mpaka ukamkata yeye. Baba yake, mzee Daniel, alizaliwa kwenye kambi ya shamba na kuzeekea hapo. Mama yake ni Bibiana, mama mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo ambao nadhani ndio Castory aliourithi akaufanyia biashara. Watoto walikuwa wawili: Asheri mkubwa, Castory mdogo. Asheri alipomaliza kidato cha nne alidandia lori, akaenda kusini, mpaka kusini kabisa kulikokwisha bara. Mwanzo alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya misa. Baadaye akapiga sikukuu tu. Baadaye simu zikakoma. Halafu kukatokea fujo huko, wenyeji wakiwafukuza wageni, na dereva mmoja wa Muheza akarudi na habari kwamba Asheri alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hakuuona mwili. Alisikia kwa watu walioambiwa na watu.

Mzee Daniel aliiamini habari ile. Bibiana aliikataa. Si kwamba alilia akakataa, hapana, aliikataa kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu dukani. Kwenye jumuiya, Wakristo wakisali nyumba kwa nyumba, kila mtu hutaja nia yake. Majirani kwa huruma wakawa wanamtaja Asheri kwenye marehemu. Bibiana anawaacha wamalize, kisha kwa sauti ya kusikika anamtaja tena kwenye wasafiri. Kila wiki hivyo. Asheri akawa mtu pekee Wilaya ya Pangani anayeombewa pumziko la milele na safari njema katika sala moja.

Kisha mzee Daniel akafariki. Mnajua desturi: kabla ya kwenda kaburini mtu mmoja wa familia husimama akasoma wasifu wa marehemu, kuzaliwa kwake, kazi zake, kuugua kwake, na mwisho aliowaacha. Kwa kuwa Castory ndiye mwenye sauti, alipewa Castory. Akasoma vizuri, watu wakalia panapostahili, mpaka alipofika mwisho. "Marehemu ameacha mjane, na mtoto mmoja."

Bibiana akanyanyua uso kutoka kwenye kanga. "Wawili," alisema.

Castory alisimama pale na watu wote wanamtazama, na padri anatazama saa. Akarudia, taratibu, vile vile alivyoandika. Mtoto mmoja. Wakaenda kuzika.

Tangu siku ile Bibiana hakukanyaga Ngamiani. Castory akienda Mwera anapewa chakula, anapewa na maji ya kunawa, lakini hapewi maongezi. Akimsalimia anaitikiwa. Akiuliza habari anaambiwa nzuri. Mtu anayelipwa kwa ajili ya maneno alikuwa anarudi kutoka kwa mama yake na mfuko wa mihogo na kimya.

Mwaka jana banda likapata filamu moja ambayo haikuwa kwenye simu ya mtu, na sidhani hata walioicheza waliitazama. Daktari wa kizungu, dada mzuri, anatekwa na waasi huko Afrika, ile ya binzari. Mwanajeshi aliyestaafu kwa hasira anakuja kumkomboa, anaua nusu ya bara. Mle ndani mna mkuu wa waasi mmoja, kavaa wigi la kike na miwani myekundu, kapakwa masizi, anatoka kwenye kibanda cha makuti akipiga kelele na bunduki juu, kisha anachapwa risasi moja na kuanguka kwenye tope. Watu wetu wa Ngamiani waliipenda filamu ile kupita kiasi, kwa sababu Zumbukuku wa wigi ndiye aliyekuwa kilele cha kazi ya Castory. Maandishi ya chini yalisema: Hii ni ardhi yetu, ueni wote, msibakize hata mbwa. Castory alikuwa anasema: "Mimi Zumbukuku nimevaa wigi la mke wangu, ole wake atakayelitia tope." Halafu mtu anaanguka kwenye tope. Watu walikuwa wanaomba irudiwe.

Ikarudiwa miezi. Kila mara Castory akisoma chini.

Ikaja Jumamosi moja, Castory akaamka hana sauti. Mafua yalikuwa yamemkaba koo, akijaribu kusema anatoa mlio wa mlango. Mzee Jafferji hakutaka kurudisha watu, akasema leo tutazame hivyo hivyo, kwa sauti ya filamu yenyewe, hadithi mnaijua kwa moyo. Watu wakanung'unika lakini wakakaa. Castory naye akakaa mahali pake, kitambaa shingoni, mikono haina kazi. Kwa kuwa hakuwa na la kusema, hakuwa na la kusoma. Akatazama juu kama watu wengine.

Ikafika pale. Yule mtu akatoka kwenye makuti na wigi lake. Jumbe akainua kikombe tayari. Na yule mtu, akiwa ametoa macho, mishipa ya shingo imesimama, akapiga kelele kwa Kiswahili hiki hiki chetu:

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama! Ni mimi Asheri wa Mwera! Nimesikia mzee katutoka, nisamehe sikuja kuzika! Nitarudije mikono mitupu? Castory, mtunze Mama!"

Risasi moja. Tope.

Kuna waliocheka, kwa mazoea. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama umeme. Jumbe alikuwa bado kashikilia kikombe hewani. Akasema, polepole, "Huyu kasema Castory."

Castory alikuwa amesimama. Alirudisha filamu nyuma kidogo, akaangalia. Akarudisha tena. Safari hii aliangalia uso tu, chini ya masizi, na kidevu kilichokonda ambacho alipokiona mara ya mwisho kilikuwa na nyama. Hakutoka chozi. Alitaka kusema kitu, koo likalia kama mlango, akakaa chini akafunika mdomo kwa kile kitambaa.

Sisi tuliobaki tulipiga hesabu kwa niaba yake, na haikuwa ngumu. Yule dereva wa Muheza alileta habari yake wakati mzee Daniel yu hai, mzee akaiamini, akaugua nayo. Na huyu aliyepiga kelele alikuwa amekwisha kusikia msiba wa mzee Daniel. Maiti hasikii msiba. Ina maana wakati jumuiya inamwombea pumziko la milele, mtu alikuwa mahali fulani anapakwa masizi. Naona kabisa ilivyokuwa: mzungu wa kamera kamwambia ongea Kiafrika, chochote, kwa ukali. Maandishi tutaweka wenyewe. Na Asheri, ambaye hakuwa na uso wa kupiga simu nyumbani, akapewa bunduki ya plastiki na nafasi ya kupiga kelele dunia nzima isimwelewe isipokuwa watu wa kwao. Akaitumia. Na watu wa kwao wakawa wanamfunika kwa kicheko, na aliyeongoza kicheko ni mdogo wake.

Siku ya tatu sauti ilipoanza kumrudia, Castory alikwenda Mwera. Alikuwa amekinakili kile kipande kwenye simu. Jumbe alimsindikiza, alisema anakwenda kutafuta nazi, na ndiye aliyetusimulia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Mama, Asheri nimemwona."

Bibiana alikuwa anachambua mchele. Hakusimama wala hakuangusha ungo. Alisema tu, "Wapi?"

"Kwenye filamu."

Akampa simu. Bibiana akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza, akamrudishia. "Kitu hiki saizi ya kiberiti. Mwanangu nilimzaa mkubwa. Hakuna pengine?"

"Pale bandani kuna kioo."

"Basi ngoja nivae," alisema Bibiana, na huo ndio uliokuwa mwisho wa kutokanyaga Ngamiani.

Mzee Jafferji alitaka kulifunga banda wabaki wenyewe, lakini watu walikataa kutoka, nao walikataa kwa adabu, wamekaa mikono mapajani kama wako kanisani, na wengi wao ni waswalihina wa msikiti wa pale jirani. Alimwekea Bibiana kiti cha duka, kile chenye mto, chini ya feni.

"Karibu mama. Kaa hapa, kuna upepo."

"Ahsante baba. Na hawa wote wanangoja nini?"

"Wanamngoja mwanao."

"Ahaa," alisema Bibiana, akawatazama mmoja mmoja. "Basi hamjambo."

Castory hakushika kipaza sauti. Alipandisha sauti ya filamu hadi mwisho, akasogeza mpaka kwenye kile kibanda cha makuti. Asheri akatoka na wigi lake. "Tumsifu Yesu Kristo, Mama!"

"Milele amina," alisema Bibiana, wala hakujua kama amesema. Aliendelea kusikiliza mpaka alipotajwa Castory, akainua mkono. "Hapo. Msimamishe hapo hapo, asiende kwenye tope."

Castory akabonyeza. Asheri akabaki kwenye kioo, mdomo wazi, bunduki juu, ukubwa wa mlango. Mama yake alinyanyuka, akasogea mpaka mwanga wa kioo ukampata usoni.

"Amekonda," alisema. Kisha, "Hilo linywele la nani?"

"La filamu, Mama."

"Wamemvisha kama punguani." Aliangalia maandishi meupe yaliyoganda chini ya kifua cha mwanawe. "Na hapo pameandikwa nini?"

Castory, mtafsiri anayejua kumsema hata mbwa, alitafuta maneno. Angeweza kumpa mama yake chochote. Mwishowe alisema vile ilivyo: "Wameandika kwamba anasema ueni wote, msibakize hata mbwa."

"Huyu?" alisema Bibiana. "Huyu aliyekuwa anakimbia kuku akichinjwa?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza banda lile kuona mtu wa bunduki aliyewahi kukimbia kuku.

Bibiana akamgeukia tena yule wa kwenye kioo. Alirekebisha kanga begani, kama mtu anayepokea mgeni, akaanza kumwambia. Hakupaza sauti. Alimwambia mzee alikufa bila maumivu makubwa, kwa hiyo asijitese. Alimwambia chumba chake kina magunia ya mahindi lakini yanatolewa, ni kusema tu. "Ati mikono mitupu," alimwambia. "Kwani nilikutuma mzigo? Uliondoka na mikono, rudi nayo. Mimi naitaka hiyo hiyo."

Kisha akamuuliza Castory, bila kugeuka, "Baada ya hapo anakwenda wapi?"

"Kwenye filamu anapigwa risasi, Mama."

"Filamu sijaiuliza. Wakishamaliza kumpiga risasi, akishanawa masizi, anakwenda wapi?"

Castory alisema hajui. Na ukweli ni kwamba hajui mpaka leo. Alikitia kile kipande mtandaoni, kikapita simu hadi simu. Watu kutoka Mombasa mpaka Mtwara wakaweka nyuso za kulia kwa kicheko, wakasema jamaa kawapiga wazungu chenga ya mwaka. Mtu mmoja aliyeko huko kusini aliandika kwamba anamfahamu, waliwahi kuishi mtaa mmoja, alihama. Kuhamia wapi hakujua. Waliotengeneza filamu waliandikiwa, hawakujibu. Jina la Asheri halimo hata kwenye yale majina madogo yanayopanda mwishoni, ambamo aliyepika chai yumo.

Pale Mwera mambo mawili yalibadilika. Kwenye jumuiya Asheri ametolewa kwenye marehemu, amebaki kwenye wasafiri peke yake. Na Bibiana anaongea na Castory. Anaongea mno, Castory mwenyewe anasema ile mihogo ya kimya ilikuwa na faida zake.

Na pale bandani, Zumbukuku hayupo tena. Hakuna aliyetangaza. Castory bado anamsema mzungu na mbwa wa polisi, bado watu wanacheka, lakini akitokea mweusi asiye na jina, wa bunduki au wa mkuki, au wale wa kucheza ngoma gari likifika, Castory anaweka kipaza sauti chini na kupandisha sauti ya filamu. Tumesikia mengi humo. Tumemsikia mmoja anasali Baba Yetu kwa Kiswahili cha Kongo huku maandishi yanasema mchemsheni mzungu. Tumemsikia mwingine analalamika kiatu kinambana. Jumbe ameacha kuweka dau.

Bibiana huja filamu mpya ikiingia. Anaulizia kwanza kama ni ya huko kusini, na hata akiambiwa si ya huko, anakaa. Jumamosi iliyopita ilikuwa moja ya msitu, wakachomoza watu wamejipaka chokaa, na mbele yao mzee mmoja mwembamba akisema kwa ukali maneno ambayo hakuna aliyeyajua, si Kiswahili, si Kidigo, si Kishambaa. Bibiana aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, akasikiliza kwa muda.

"Si wangu," alisema.

Castory akashika kipaza sauti ili aendelee. Mama yake akamzuia kwa mkono.

"Mwache amalize. Huenda kuna mtu anamwambia."